Mkondo, Masafa na Chaneli: Istilahi za Mawasiliano Yasiyotumia Waya na Funzo la Delta ya Rufiji

1. Utangulizi

Mto Rufiji ufikapo Mkongo, mkabala na Utete, ungali mto mmoja. Wasafiri huvuka kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, wala hakuna amwulizaye mwenzake amevuka mto upi. Lakini ukishuka nao kuelekea mashariki hadi nchi ya mikoko, maji yale yale hugawanyika katika njia nyingi, na kila njia ina jina lake na mlango wake baharini: Simba Uranga, Kikunya, Msala na mingineyo. Nahodha wa huko hawezi kusema tu kwamba anaingia mtoni. Hana budi kutaja mlango. Maji ni yale yale, lakini aliyekosea mlango amekosea safari.

Mawasiliano yasiyotumia waya yana tabia ya namna hiyo. Hewa ni moja, wasemaji ni wengi, na kila mmoja hana budi kupewa njia yake. Njia hiyo wengine huiita chaneli, wengine mkondo, wengine masafa, na wengine idhaa. Majina manne kwa jambo moja si utajiri wa lugha ikiwa kila jina lina kazi nyingine mahali pengine. Makala haya yanakusudia kufuatilia asili ya majina hayo, kuyapima kwa historia tuliyo nayo hapa nyumbani, na kupendekeza matumizi ambayo mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali wataweza kuyategemea. Mfano tutakaoutumia kama kipimo ni kazi ya kifundi inayowahusu sana wanaolinda na kuchunguza mitandao: namna ya kudhibiti chaneli ya mtambo wakati pakiti za mtandao zinapotiwa hewani moja kwa moja.

Suala hili si la mapambo ya lugha. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania, na sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza zinahitaji kufasiriwa. Miongoni mwake zimo Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Fundi atakayeshitakiwa au kuachiliwa chini ya sheria hizo atashitakiwa au kuachiliwa kwa maneno. Neno likiwa na maana mbili, mtu anaweza kuadhibiwa kwa maana ambayo hakuitenda.

2. Simu ya upepo

Neno simu tumelipata kutoka Kiajemi, ambako sim ni fedha, na pia ni waya. Kwa hiyo chombo hicho kilipofika pwani yetu jina lake lilikuwa sahihi kabisa, kwani ujumbe ulipita ndani ya waya. Ulipokuja mtambo wa kupeleka ujumbe bila waya, watu hawakwenda mbali kutafuta jina; walisema simu ya upepo. Kwa mwenye kujua asili, jina hilo linajipinga lenyewe, maana ni sawa na kusema waya wa upepo. Hata hivyo lilieleweka, kwa sababu neno simu lilikwisha kuacha maana ya waya na kushika maana ya ujumbe upelekwao mbali. Hilo ni funzo la kwanza kwa muundaji wa istilahi: asili ya neno si hukumu juu ya matumizi yake. Kinachodhuru ni maana mbili zinazoishi pamoja katika kazi moja.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa wamejenga mitambo ya simu ya upepo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Umuhimu wa mitambo hiyo ulidhihirika mara tu vita vilipoanza. Tarehe 8 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Astraea ilifika Dar es Salaam na kuupiga mtambo wa huko kwa mizinga. Ule wa Bukoba uliharibiwa katika shambulio la Juni 1915.

Wakati huo meli ya kivita ya Kijerumani Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, ilikwisha kuondoka Dar es Salaam tangu tarehe 31 Julai 1914. Tarehe 20 Septemba iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, kisha ikarudi kujificha katika delta ya Rufiji. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba. Mwezi wa Novemba waliizamisha kwa makusudi meli kuukuu, Newbridge, ili kuziba mojawapo ya njia za delta. Lakini delta si njia moja, na kazi ya kuilinda milango iliyobaki ikaendelea kwa miezi mingi.

Katika miezi hiyo hiyo matukio mawili yalionyesha tabia za simu ya upepo ambazo istilahi zetu lazima zizieleze. La kwanza lilitokea mbali kidogo na kwetu, lakini katika Bahari ya Hindi hii hii. Tarehe 9 Novemba 1914 meli nyingine ya Kijerumani, Emden, ilifika katika visiwa vya Cocos kuharibu kituo cha simu kilichokuwa huko. Wenye kituo walipoiona walianza kutuma habari kwamba meli ngeni imefika. Emden ikawasha mtambo wake ili kuwavuruga, yaani ilimwaga kelele zake katika njia ile ile waliyokuwa wakiitumia. Haikufaulu, habari ilikwisha kusikika, na meli ya Australia iitwayo Sydney ilikuja ikaiangamiza.

La pili lilikuwa la pwani yetu. Mwezi wa Aprili 1915 meli ya shehena Rubens ilikuja kutoka Ujerumani ikiwa imejigeuza kuwa meli ya nchi nyingine, ikimletea Looff makaa na silaha, na ikawasiliana naye kwa simu ya upepo. Lakini mawimbi hayachagui masikio, na Waingereza nao walikuwa wakisikiliza. Tarehe 14 Aprili meli yao Hyacinth iliikuta Rubens karibu na Tanga ikaishambulia katika ghuba ya Manza.

Kwa hiyo tangu mwaka 1915 tunazo tayari dhana tatu zinazohitaji maneno matatu. Kuna kusikiliza njia isiyo yako. Kuna kuvuruga njia ya mwingine kwa makusudi. Na kuna kupeleka ujumbe wako katika njia ambayo wengine pia wamo. Mtambo unaofanya mambo hayo matatu unaweza kuwa ni ule ule. Tofauti ipo katika nia na matokeo. Tutalirudia jambo hili baadaye, kwa sababu ndilo lenye uzito mbele ya sheria.

3. Siku mbili za Julai 1915

Mwezi wa Juni 1915 Waingereza walileta Mafia meli mbili za mizinga zisizohitaji kina kirefu cha maji, Severn na Mersey. Königsberg ilikuwa imefichwa nyuma ya mikoko, hivyo waliokuwa ndani ya meli hizo hawakuweza kuiona. Iliwalazimu kutumia ndege kutoka Mafia. Mtazamaji aliyekuwa ndani ya ndege aliangalia kombora limeanguka wapi, kisha akatuma marekebisho kwa simu ya upepo, kwa herufi za Morse. Hayo ni miongoni mwa matumizi ya mwanzo ya mawasiliano ya namna hiyo katika Afrika ya Mashariki. Wajerumani kwa upande wao walikuwa na waangalizi nchi kavu, waliounganishwa kwa simu za waya.

Tarehe 6 Julai meli zote mbili ziliingia kwa mlango wa Kikunya, zikaanza kupiga kwa wakati mmoja. Mtazamaji aliona makombora yakianguka, lakini hakuweza kujua lipi ni la Severn na lipi ni la Mersey. Marekebisho aliyoyatuma yalifika, yakasomwa, na bado hayakufaa kitu, maana hayakujua mwenyewe ni nani. Siku hiyo meli zikarudi nje bila kuimaliza kazi.

Tarehe 11 Julai utaratibu ulibadilishwa. Iliamuliwa kwamba meli moja tu ipige kwa zamu yake. Ndege iliyoongozwa na John Cull, mtazamaji wake akiwa H. J. Arnold, ilituma marekebisho kwa Severn peke yake, na kwa muda mfupi makombora yakaanza kulenga. Ndege hiyo ilipigwa. Hata ilipokuwa ikishuka injini imeharibika, Arnold aliendelea kutuma marekebisho. Ikaangukia mtoni na wote wawili wakaokolewa. Königsberg iliungua, na mabaharia wake wakailipua wenyewe.

Tuyatazame matukio hayo kwa jicho la mwana-istilahi. Kilichogongana tarehe 6 Julai hakikuwa mawimbi ya simu ya upepo, bali makombora. Hata hivyo tatizo lilikuwa ni lile lile linalowasumbua wanaotumia njia moja kwa pamoja: vyanzo viwili, nafasi moja, na mpokeaji asiyeweza kuvitenga. Na dawa haikuwa mtambo mpya. Ilikuwa ni mpango: nani atumie nafasi, na wakati gani. Kadhalika ujumbe wa Arnold haukuchagua wimbi la kusafiria. Herufi za Morse ni zile zile katika wimbi lolote. Kilichochagua wimbi ni mtambo, na aliyeuweka mtambo ni mtu. Ujumbe, wimbi, mtambo, na mtu aliyeuweka ni mambo manne, na Kiswahili cha kitaalamu kinatakiwa kuyatenga.

4. Masafa yenye maana mbili

Neno lenye mashaka makubwa kupita yote katika fani hii ni masafa. Tumelipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya umbali, na maana hiyo ingali hai: masafa ya kutoka Kibiti hadi Mkongo ni umbali wa njia. Utangazaji ulipoenea, neno hilo lilichukuliwa kueleza aina za mawimbi. Ndipo tukapata masafa marefu, masafa ya kati na masafa mafupi. Hapo masafa yalikuwa ni urefu wa wimbi lenyewe, na vituo vilijitangaza kwa mita: masafa mafupi yalikuwa mawimbi ya kiasi cha mita 100 hadi mita 10.

Ugumu wa kwanza ulijitokeza papo hapo. Msikilizaji aliyeambiwa masafa mafupi angeweza kudhani kwamba matangazo hayo hayafiki mbali. Kweli ni kinyume chake. Mawimbi hayo hurudishwa chini na tabaka za juu za anga, na kwa ajili hiyo ndiyo yaliyoleta sauti kutoka ng'ambo ya bahari. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza London mwaka 1957, ilitegemea masafa mafupi ili isikike Afrika ya Mashariki, ilhali matangazo ya masafa ya kati aghalabu yaliishia karibu na mtambo wake. Masafa mafupi yalikwenda masafa marefu. Mwalimu anayefundisha sentensi hiyo darasani hana budi kusimama na kuieleza.

Ugumu wa pili ni mkubwa zaidi. Siku hizi masafa yanatumika, pamoja na katika shughuli za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa maana ya idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde, inayohesabiwa kwa hezi. Idadi hiyo na urefu wa wimbi huenda kinyume: kimoja kikizidi, kingine hupungua. Mawimbi yote ya redio husafiri kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 300,000 kwa sekunde. Wimbi la mita 300 hutikisika mara 1,000,000 kwa sekunde, yaani megahezi 1. Wimbi la mita 30 hutikisika mara 10,000,000, yaani megahezi 10. Basi mtu akisema "ongeza masafa", fundi wa zamani ataurefusha wimbi, na fundi wa leo ataufupisha. Agizo ni moja, na matendo mawili yanapingana.

Je, turudishe neno masafa katika maana yake ya kwanza ya utangazaji? Tunaona haiwezekani, wala haifai. Maana ya hezi imekwisha kuingia katika leseni, katika kanuni na katika midomo ya watu. Kinachowezekana ni kuifungia maana hiyo mipaka: masafa yasitajwe katika maandishi ya kitaalamu bila ya tarakimu na kipimo chake, na urefu wa wimbi uitwe kwa jina lake lenyewe, urefu wa wimbi. Majina ya kale, masafa mafupi na masafa ya kati, yaachwe kama majina ya aina za matangazo, yasiguswe. Jina lililozoeleka halihitaji kuvunjwa madhali halitumiki kupimia.

5. Idhaa, mkondo, chaneli

Idhaa pia ni neno la Kiarabu, na maana yake ni utangazaji. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Idhaa ya Taifa, Idhaa ya Biashara na Idhaa ya Nje. Idhaa moja iliweza kusikika katika masafa zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na idhaa ilibaki ile ile hata masafa yake yalipobadilishwa. Kwa hiyo idhaa ni huduma: ina watangazaji, vipindi na wasikilizaji. Kuiita njia ya hewani idhaa ni kama kumwita abiria kwa jina la barabara.

Mkondo ni neno linalovutia zaidi, hasa kwa mtu aliyeiona delta. Maji yana mikondo. Hewa nayo tunaweza kuigawa katika mikondo. Tumelipima neno hili kwa muda, na tumeona lina vikwazo viwili. Kwanza, mkondo umekwisha kupewa kazi katika fani iliyo jirani mno. Katika masomo ya fizikia mkondo wa umeme ni mwendo wa chaji ndani ya waya, na kitabu kinachoeleza mtambo wa redio hakiwezi kuyakwepa mambo ya umeme. Sentensi isemayo "punguza mkondo wa mtambo" ingemwacha fundi akijiuliza kama abadilishe njia au apunguze nguvu. Pili, mkondo wa maji una kingo. Mwenye kuuona hudhani kwamba maji ya Kikunya hayamo Simba Uranga. Njia za hewani hazina kingo za namna hiyo, kama tutakavyoonyesha.

Jaribio la kwanza lililojulikana sana la kupeleka pakiti kwa redio lilifanywa visiwani Hawaii mwaka 1971, likiongozwa na Norman Abramson wa chuo kikuu cha huko. Ujumbe ulikatwa vipande vifupi, kila kipande kikiandikwa anwani yake, na vipande hivyo ndivyo viitwavyo pakiti. Vituo vyote vya visiwani vilipeleka pakiti Honolulu katika chaneli moja ya megahezi 407.350, na majibu yakarudi katika nyingine ya megahezi 413.475. Kila kituo kilisema kilipotaka. Pakiti mbili zilipokutana ziliharibika zote mbili, na kila mwenye yake alisubiri kidogo kabla ya kurudia. Hesabu ilionyesha kwamba kwa utaratibu huo chaneli haiwezi kubeba zaidi ya kiasi cha asilimia 18 ya uwezo wake. Baadaye vituo vilipopangiwa nyakati maalumu za kuanza kutuma, kiasi hicho kiliweza kuongezeka maradufu. Msomaji atakumbuka kilichobadilika kati ya tarehe 6 na tarehe 11 Julai 1915.

Mitandao ya siku hizi isiyotumia waya, ile ya Wi-Fi ambayo kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 1997, imerithi tabia hiyo. Katika eneo la megahezi 2,400 chaneli zake zimepewa namba. Chaneli ya 1 ina kitovu chake megahezi 2,412, ya 2 megahezi 2,417, na kuendelea hivyo kwa hatua ya megahezi 5 hadi ya 13, megahezi 2,472. Lakini mawasiliano ya chaneli moja hujaza upana wa kiasi cha megahezi 20. Maana yake ni kwamba aliye katika chaneli ya 1 anasikika pia katika ya 2 na ya 3, na ili watu wasiingiliane huwabidi kuchagua chaneli zilizo mbalimbali, kama vile 1, 6 na 11. Namba ya chaneli basi inataja kitovu tu, haitaji kingo. Neno mkondo lingemficha mwanafunzi jambo hilo.

Kwa sababu hizo tunapendelea chaneli. Tunajua kwamba baadhi ya wenzetu hawapendi kukopa ambapo neno la nyumbani lipo, na kanuni hiyo ni nzuri. Lakini kukopa kunakoheshimu kanuni ni kule ambako neno la nyumbani lina kazi nyingine katika uwanja ule ule. Chaneli limekwisha kuingia majumbani kwa njia ya televisheni, lina umbo la Kiswahili, na katika fani hii halina mpinzani.

6. Nani huweka chaneli?

Sasa tuufikie mfano wetu. Kwa kawaida programu ya kompyuta hukabidhi ujumbe wake kwa mfumo, na mfumo huo hufuata taratibu zote kabla ya kuupeleka hewani. Mchunguzi wa mtandao wakati mwingine huhitaji kuziruka taratibu hizo: huitengeneza pakiti mwenyewe, toka mwanzo hadi mwisho, kisha huitia hewani kwa kadi ya redio ya kompyuta yake. Mbele ya pakiti hutanguliza maelekezo mafupi kwa kadi: itumwe kwa mwendo gani, na mambo mengine ya namna hiyo.

Watumiaji wapya hudhani kwamba maelekezo hayo yanaweza pia kuitajia pakiti chaneli yake. Kwa kawaida sivyo. Chaneli huwa ni hali ya kadi, si sifa ya pakiti. Pakiti hutoka katika chaneli ambayo kadi imo wakati ule. Ikiwa kadi imeachwa ikirukaruka kutoka chaneli hadi chaneli ili kusikiliza, pakiti itatoka popote kadi ilipofika. Ikiwa kadi hiyo hiyo imekwisha kuunganishwa na kituo cha mtandao, kituo ndicho chenye kuamua chaneli, na mtumiaji akijaribu kuibadilisha aghalabu atakataliwa. Na juu ya wote yupo mwenye mamlaka ya nchi: chaneli ya 14 iliruhusiwa Japani tu, ya 12 na ya 13 zinatumika katika nchi nyingi lakini vifaa vya kawaida vya Marekani huishia ya 11. Wanaoweza kuweka chaneli basi ni watatu: mtumiaji, kituo cha mtandao, na dola.

Hapa ndipo mfasiri hujikwaa. Kiswahili kinaipenda kauli ya kutendwa, na agizo la kigeni likifika huandikwa upesi kwamba "chaneli ya pakiti iwekwe kabla ya kutumwa". Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, lakini ina makosa mawili. Inaipa pakiti kitu isichokuwa nacho, na inamficha mtenda. Iliyo bora ni hii: "Mtumiaji aiweke kadi katika chaneli anayoitaka, ahakikishe kwamba kadi haijaunganishwa na kituo chochote wala hairukiruki, ndipo atie pakiti." Ni ndefu zaidi, lakini fundi atakayeifuata atafika.

7. Kutia, kudunga, kupenyeza

Limebaki jina la tendo lenyewe. Wapo wanaosema kudunga pakiti, kwa kufuata picha ya sindano. Picha hiyo ni ya lugha nyingine. Kwetu kudunga kunachukua maana ya kutoboa mwili, na hewa haitobolewi. Wengine husema kupenyeza pakiti. Neno hili ni zuri kwa sikio, lakini tayari limebeba shutuma. Kinachopenyezwa ni kile ambacho mwenye mlango asingekiruhusu: magendo hupenyezwa mpakani, na maneno ya uchochezi hupenyezwa kwenye mkutano.

Fikiria basi mtumishi aliyeajiriwa kuuchunguza mtandao wa ofisi yake mwenyewe. Ametia pakiti za majaribio, katika chaneli aliyoruhusiwa, ili aone kama mtandao huo unaweza kustahimili hila za wavamizi. Taarifa ikiandikwa kwamba alipenyeza pakiti, msomaji amekwisha kumhukumu kabla ya kufika mwisho wa ukurasa. Kwa upande wa pili, mvamizi aliyeingia mtandao wa watu akisemwa kwamba alitia pakiti tu, kosa lake limefunikwa. Lugha ya sheria inahitaji neno la tendo lisilo na rangi, na neno jingine la kosa. Tunapendekeza kutia pakiti kwa tendo la kifundi, na kupenyeza kwa tendo hilo hilo lifanywapo bila ya idhini. Kuvuruga kubaki kwa kitendo cha Emden, yaani kumwaga mawimbi kwa makusudi ya kumnyima mwingine nafasi. Na mwingiliano uwe ni madhara yanayotokea bila ya mtu kukusudia.

Pakiti nayo ihifadhiwe. Kifurushi kingefaa kwa umbo na kwa asili, lakini makampuni ya simu yamekwisha kulifanya jina la kiasi cha huduma kinachouzwa kwa siku au kwa mwezi. Mteja aliyepoteza pakiti na mteja aliyemaliza kifurushi wana malalamiko mawili tofauti.

8. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunawawekea wasomaji orodha ifuatayo waijaribu katika kazi zao:

Masafa: idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde, yatajwe daima pamoja na tarakimu na kipimo cha hezi.

Urefu wa wimbi: umbali kati ya kilele cha wimbi na kilele kinachofuata, hutajwa kwa mita au sehemu zake.

Idhaa: huduma ya utangazaji yenye vipindi vyake.

Chaneli: nafasi ya mawasiliano iliyopewa namba au jina, yenye masafa ya kitovu na upana wake.

Mkondo: uachiwe maji, umeme na madarasa ya shule.

Pakiti: kipande cha ujumbe chenye anwani yake, kinachosafirishwa peke yake.

Kuweka chaneli: kuupanga mtambo, si ujumbe, mtenda atajwe.

Kutia pakiti: kupeleka hewani pakiti iliyotengenezwa na mtumiaji mwenyewe, bila ya kupitia taratibu za kawaida za mfumo.

Kupenyeza pakiti: kutia pakiti katika mtandao wa mwingine bila ya idhini yake.

Kuvuruga: kutoa mawimbi kwa makusudi ya kuzuia mawasiliano ya mwingine.

Mwingiliano: madhara ya mawasiliano mawili kukutana, pasipo kusudi la mtu.

Walimu wa shule za sekondari, wakiwemo wa Rufiji na Kibiti, wanaweza kuanzia na jambo ambalo wanafunzi wao wanalijua: kwamba delta ina milango, kwamba kila mlango una jina, na kwamba mwaka 1915 meli mbili zilizopiga kwa pamoja zilishindwa kazi ambayo meli moja kwa zamu yake iliiweza. Wakiisha kuelewa hilo, waonyeshwe mahali ambapo mfano wa mto unakoma, yaani kwenye kingo. Wafasiri wa sheria tunawaomba jambo moja: kila wanapokutana na agizo la kuweka chaneli katika maandishi ya kigeni, wajiulize ni nani anayeiweka, na wamtaje.